Kozi ya jioni ya Kiingereza cha biashara, Kariakoo: tathmini ya mwanafunzi aliyeingia kwa sababu ya neno moja

Nilijiandikisha katika kozi hii kwa sababu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza kilichonitoa shilingi 200,000, na kwa kuwa ada ya kozi yenyewe ilikuwa chini ya nusu ya hizo, ni haki nieleze hasara kwanza, ili msomaji ajue nilikuwa nikitafuta nini katika darasa lile kabla sijasema kama nilikipata.

Mimi ni karani katika duka la jumla la vitenge, Kariakoo, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye simu, nikiandikiana na wateja wa Zambia na Malawi ambao mizigo yao tunaipakia kwenye malori yanayovuka mpaka wa Tunduma au wa Kasumulu. Wengi wao Kiswahili hawakijui, na mimi Kinyanja wala Kibemba sikijui, kwa hiyo tunakutana kwenye Kiingereza, kila mmoja na chake. Mwaka jana mteja wetu mmoja wa Lusaka, mama mtu mzima mwenye duka lake, aliomba apunguziwe bei ya marobota kumi. Nikampigia simu msambazaji, nikambembeleza, nikamkumbusha kwamba mama huyu ni mteja wa miaka mingi, naye akanijibu kwamba atafikiri. Nilipokata simu nikamwandikia mama wa Lusaka kwamba "I have persuaded the supplier to reduce 40,000 per bale." Kichwani mwangu nilikuwa nimeandika "nimemshawishi msambazaji apunguze", yaani kazi ya kushawishi nimekwisha kuifanya, sasa tumsikilizie. Yeye alisoma kwamba bei imeshuka. Akatuma fedha za marobota kumi zikiwa pungufu kwa 400,000, na msambazaji aliposhikilia bei yake ya awali, mama akanirudishia picha ya ujumbe wangu mwenyewe, neno moja tu likiwa limezungushiwa duara jekundu. Tajiri wangu alibeba nusu ya pengo, na nusu nyingine ikakatwa kwenye mshahara wangu kwa miezi miwili.

Nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza nilipata C. Ningeapa kwamba neno "persuade" ninalijua.

Kituo nilichokwenda kiko ghorofa ya tatu katika jengo lisilo mbali na Mtaa wa Msimbazi, mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mengi kati ya niliyoyaona yanarekebishika na nimekwisha kuwaambia wenyewe. Ada ni shilingi 90,000 kwa wiki sita, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Kuna pia kijitabu cha shilingi 8,000 ambacho huambiwi habari zake mpaka risiti ya ada iwe mkononi. Chumba kina feni mbili na moja ndiyo inayozunguka. Madirisha yanatazama barabarani, kwa hiyo hadi saa 1 usiku mwalimu hushindana na wapiga debe na vipaza sauti vya maduka ya viatu. Inapoadhiniwa Magharibi somo husimama kidogo na wanaoswali huenda kuswali bila mtu kuonekana mtoro, jambo ambalo lilinipendeza. Tulikuwa wanafunzi 14, wote watu wa biashara au watumishi wao, na idadi hiyo inatosha kila mtu kusemeshwa angalau mara mbili kwa kipindi.

Sasa kijitabu. Ni karatasi zilizotolewa nakala na kubanwa pini, na katika ukurasa wa maneno ya mauzo kuna orodha ambayo niliisoma mara tatu nikidhani macho yangu ndiyo yenye tatizo. "Persuade" ni kushawishi. "Convince" ni kushawishi. "Influence" ni kushawishi. "Tempt" ni kushawishi, na "induce" vilevile, na "urge" vilevile. Maneno sita yametiwa katika gunia moja na kuandikwa bei moja, kana kwamba Kiswahili kina kitenzi kimoja tu cha kumvuta mtu kwa maneno, wakati ukisimama dakika tano kwenye Mtaa wa Kongo utawasikia watu wakihimiza, wakisihi, wakibembeleza, wakirai, wakiaminisha, wakitamanisha na, kwa bahati mbaya, wakirubuni. Programu ya tafsiri iliyo kwenye simu yangu nayo ilikuwa imenipa jibu hilohilo la neno moja, lakini ile ni ya bure. Kwa shilingi 8,000 nilitarajia zaidi, na ushauri wangu kwa atakayejiunga ni kwamba asikinunue. Mwalimu huandika ubaoni kila kinachohitajika.

Mwalimu huyo ndiye anayeibeba kozi nzima. Ni mstaafu wa sekondari, mpole, anayemwita kila mwanamke aliyemzidi binti yake "mama" na kila mwanamume "bwana", na hana haraka. Katika wiki ya tatu aliingia akaandika ubaoni "I persuaded him to buy," akageuka akatuuliza swali moja kwa Kiswahili: "Huyu mtu, alinunua au hakununua?"

Darasa liligawanyika. Kijana anayeuza vipuri vya bodaboda alisema hatuwezi kujua, kwa sababu aliyeandika ametueleza habari zake yeye, hakutueleza habari za mteja. Mama mmoja anayeuza vyombo vya plastiki alisema inategemea mteja mwenyewe ametoka wapi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa jibu nililikuwa nalo na nilikuwa nimelilipia. Mwalimu akatuacha tubishane mpaka tukachoka, kisha akasema kwamba kwa Mwingereza habari hiyo imekwisha: alinunua, na fedha zimo kwenye droo. Kama hakununua, sentensi hiyo ni uongo.

"Sasa, Mwalimu," yule mama akasema, "mimi nikikaa na mteja saa nzima nikimshawishi, halafu akaondoka, nimefanya nini?"

"Kwa Kiswahili umemshawishi, mama. Kwa Kiingereza umejaribu tu."

Darasa zima lilicheka, naye mama akacheka kwa shingo upande, maana saa nzima ya kazi yake ilikuwa imefutwa na sarufi.

Hapo ndipo mwalimu alipofanya jambo ambalo katika miaka yangu yote ya shule sikuwahi kufanyiwa: alirudi kwenye Kiswahili chetu wenyewe akatuonyesha mahali ulipo mlango. Aliandika "Nilimshawishi, lakini hakushawishika." Akatuuliza kama kuna anayeona kosa. Hakuna aliyeliona, kwa sababu halipo. Ni sentensi ambayo mtu yeyote Kariakoo anaweza kuisema akifunga duka. Kiswahili kinamwachia mshawishi jitihada zake na kumpa mshawishiwa uamuzi wake, na matokeo yanakuja katika kitenzi cha pili, kwa kile kiambishi cha "-ika" au kwa neno jingine kabisa: nikamshawishi akakubali, nikamshawishi mpaka akanunua, nilimshawishi wee akakataa. Mwalimu alituonyesha kwamba hatufanyi hivyo kwa kushawishi peke yake. Kila mzazi amewahi kusema "nimemwamsha, hakuamka", na hakuna anayemwona mwongo. Kiingereza, kwa "persuade", kimefunga vitu viwili katika furushi moja, jitihada na matokeo, kwa hiyo anayetaka kusema habari ya jitihada pekee hana budi kulifungua furushi kwa kutanguliza "tried to". "I tried to persuade the supplier." Maneno hayo mawili madogo yangeniokolea 200,000.

Aliongeza njia ya pili, ambayo kwangu mimi mwandishi wa jumbe za biashara ndiyo yenye faida zaidi. Kiingereza kina vitenzi vingine ambavyo, kama kushawishi kwetu, havisemi lolote kuhusu mwisho wa safari. Ukisema "I urged him to reduce the price", umemsihi au umemhimiza, na kama alipunguza au hakupunguza hilo ni jambo jingine. Ndivyo ilivyo pia kwa "encourage", "advise" na "ask". Kwa maneno mengine, kijitabu kile kilipoweka "urge" na "persuade" katika mstari mmoja kiliweka pamoja maneno mawili ambayo tofauti yake, dukani, ni tofauti ya mzigo uliolipiwa na mzigo ambao bado uko kwenye rafu.

Kuhusu asili ya neno, mwalimu alieleza kwa ufupi kwamba linatoka katika Kilatini "persuadere", ambamo "suadere" ni kushauri na "per-" hutia maana ya kufanya jambo kikamilifu, na kwamba "suadere" lina nasaba moja na neno la Kilatini lenye maana ya utamu. Sijui kama kila mwanafunzi alihitaji Kilatini saa 1 na nusu usiku, feni ikiwa ni moja, lakini mimi kilinisaidia kukumbuka, kwa sababu kinaongea lugha moja na methali yetu ya maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Msomaji atazame kitenzi kilichomo katika methali hiyo. Haikusemwa kwamba maneno matamu humwita nyoka. Humtoa, na nyoka yuko nje. Huyo ndiye "persuade".

Mama wa vyombo, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa bado na neno. Alisema kwamba yeye tangu utotoni anasali "na usitutie katika kishawishi", na hajawahi kusikia mtu akiomba Mungu amwepushe na mauzo mazuri. Iweje basi kushawishi kuwe neno la kufundishia wafanyabiashara? Swali hilo lilipita haraka, nami nadhani lilistahili muda zaidi kuliko lilivyopewa, kwa kuwa linagusa kosa la pili la kijitabu. Kushawishi kwetu kuna sura mbili. Tunasema kwa heshima kwamba fulani ni mtu mwenye ushawishi, na papo hapo kishawishi ni kitu cha kuepukwa, chenye harufu ya dhambi au ya bahasha iliyopitishwa chini ya meza. Kiingereza kimegawa sura hizo: ile ya dhambi amepewa "tempt", na "persuade" hubaki na mikono iliyo safi kiasi, mtu aliyekupa sababu au aliyekuomba vizuri ukakubali mwenyewe. Karani anayemwandikia mteja kwamba "we want to tempt you with our prices" hajatukana, na matangazo ya Kiingereza huandika hivyo kwa mzaha, lakini hana budi kujua ni mzaha gani anaoufanya.

Wiki ya nne ilikuwa ya miundo, na hapa ubora ulipanda na kushuka. Kilichofundishwa vizuri ni kwamba kitenzi hiki hakikai bila mtu wa kutendewa. Sisi tumezoea kumficha mtu huyo ndani ya kitenzi, katika ile "m" ya "nilimshawishi", na ndiyo sababu wengi wetu tulikuwa tukiandika "I persuaded to buy", tukidhani mteja yumo mahali fulani ndani ya neno. Hayumo, lazima umtaje. Kilichofundishwa vizuri pia ni kwamba neno hili lina kazi mbili: kumfanya mtu atende, na hapo hufuatwa na "to", na kumfanya mtu aamini, na hapo hufuatwa na "that" au "of". Mwalimu alitupa mfano wa kitenge: ukimfanya mteja akinunue ni kazi ya kwanza, ukimfanya aamini kwamba rangi haichuji ni kazi ya pili, na kwa kazi hiyo ya pili Kiswahili kina neno lake zuri la kumwaminisha. Kijana wa vipuri, aliyekuwa akisema "I persuaded him that he buys" kwa kuifuata "anunue" ya kwetu, aliacha kosa hilo jioni ileile.

Lakini kuhusu "convince" sikubaliani na nilichofundishwa. Mwalimu alisisitiza kwamba "convince" ni la imani tu, kwamba "I convinced him to buy" ni kosa kabisa, na akatukata alama katika jaribio. Kanuni hiyo ni ya zamani na ina mantiki yake, kwa kuwa neno hilo linatoka katika Kilatini cha kushinda, na katika karne ya 16 lilikuwa na maana ya kumshinda mtu kwa hoja. Ukimshinda mtu kwa hoja umegeuza fikra zake, mkono wake bado. Hata hivyo, tangu katikati ya karne ya 20 Wamarekani wamelitumia na "to" waziwazi, na kamusi kubwa za Kiingereza leo zinaliandika hivyo bila kulikemea. Mfanyabiashara anayesoma ujumbe kutoka Lusaka au Lilongwe atakutana na "convince to" mara kwa mara, na akiambiwa ni kosa atadhani mteja wake hajui Kiingereza. Nilimweleza mwalimu hivyo baada ya kipindi. Alinisikiliza kwa adabu, akasema kwamba yeye alifundishwa hivyo na atakufa nayo. Alama zangu hazikurudi.

Malalamiko yangu mengine ni madogo. Kinyume cha "persuade", yaani "dissuade", kilipewa dakika kumi mwishoni mwa kipindi, watu wakiwa wameshafunga mikoba, ilhali ni neno ambalo karani mwaminifu hulihitaji: kumshauri mteja asichukue mzigo wa rangi fulani, naye akaacha. Nalo hudai matokeo kama pacha wake, na hufuatwa na "from", na hayo mawili niliyapata kwa kumwuliza mwalimu ngazini tukishuka. Matamshi hayakuguswa kabisa. Nusu ya darasa ilimaliza kozi ikisema "pesuadi", wakati sehemu ya pili ya neno hilo huanza kwa "swe", na "sw" hiyo ni sauti ambayo haimpi shida mtu yeyote aliyekwisha kutamka swali na swila, na mkazo wake huangukia hapohapo.

Kilicho bora kuliko vyote ni mazoezi ya Ijumaa. Mwalimu huligeuza darasa kuwa soko: wawili wanauza, wengine wananunua, kila mnunuzi amepewa kikaratasi cha siri kinachomwambia anunue au agome, na baada ya dakika tano muuzaji husimama mbele na kutoa taarifa kwa Kiingereza, akichagua mwenyewe kati ya "persuaded", "tried to persuade" na "urged", huku darasa likihesabu fedha za karatasi alizo nazo mkononi ili kuona kama sentensi yake ni ya kweli. Hakuna sarufi inayomwingia mtu kama ile inayokaguliwa kwa noti. Mama wa vyombo alipewa mnunuzi mgumu, mimi, na kikaratasi changu kilisema nigome hata nikipewa bure. Alinitajia ubora wa beseni, akanipunguzia, akaniita mwanawe, akaniuliza kama nyumbani kwangu watu hawaogi. Alipokwenda mbele alinyanyua mikono mitupu akasema, "I tried to persuade him, Teacher. He is a stone." Alipigiwa makofi ambayo hata mimi sikuyanyima.

Kwa nani kozi hii inafaa? Kwa mtu aliyekwisha kuwa na Kiingereza cha shule na anayekitumia kila siku kwa fedha za kweli, ninaipendekeza, na kwa mwalimu huyu ningelipa hata 100,000. Anayeanza mwanzo kabisa atapotea, kwa sababu maelezo hutegemea kwamba sentensi nzima ya Kiingereza unaisoma bila msaada. Wasio na magoti mazuri wajue kwamba lifti haikufanya kazi kwa wiki zote sita.

Nilipomwandikia tena mama wa Lusaka, kuhusu mzigo mwingine kwa msambazaji yuleyule, niliandika kwamba ninajaribu kumshawishi, hajakubali, na asitume fedha yoyote mpaka nimwambie. "Tried" niliiandika, nikaifuta, nikaiweka "am trying", kwa kuwa kazi ilikuwa bado inaendelea. Alinijibu kwa kidole gumba kimoja. Siku tatu baadaye msambazaji alishuka kwa 15,000 kwa robota, nami kwa mara ya kwanza baada ya duara jekundu nililiandika lile neno likiwa peke yake, bila kizuizi mbele yake, nikalisoma mara mbili kabla ya kulituma.

Siku ya vyeti, binti wa mapokezi alinikalisha chini akanieleza habari za hatua ya pili ya kozi, ya shilingi 120,000, inayohusu barua za kuomba kazi na usaili. Alinionyesha picha za waliohitimu, akanipunguzia 20,000, akanikumbusha kwamba nafasi zimebaki tatu. Kazi ninayo na siitafuti nyingine, kwa hiyo nilimshukuru nikashuka ngazi. Alinishawishi kwa robo saa nzima, na ninaliandika neno hilo kwa Kiswahili.